Nimeambiwa nimlipie karo mtoto wa kaka aliyenidhulumu. Ni Mungu kweli?

"Mchungaji, nina miaka 41, nimeolewa, nasi tunaishi Umoja na watoto wetu watatu. Baba yetu alipofariki, kaka yangu mkubwa aliuza shamba la nyumbani Machakos bila kutuambia sisi dada zake, na hatukupata hata senti moja. Tangu mfungo wa Januari, kila nikiomba linanijia neno lilelile: 'Mlipie karo mtoto wa kaka yako.' Msichana huyo amerudishwa nyumbani kwa deni la shilingi 38,000. Mume wangu anasema nimerukwa na akili. Nililipeleka jambo hili kwa nabii anayetuongoza katika kesha la Ijumaa mjini. Alisema neno ni la Mungu lakini halijakamilika: kwanza nitoe akiba yangu yote ya sacco, shilingi 180,000, niipande kama mbegu, niache dawa za presha kuonyesha imani, na nisimwambie mume wangu. Dawa nimeacha siku sita sasa. Pesa bado sijatoa. Ninaogopa kumwasi Mungu, na ninaogopa kudanganywa. Nitajuaje?"

Dada mpendwa, kabla sijasema lolote kuhusu sauti ya Mungu, nakusihi urudi kliniki leo hii. Waeleze waliokuandikia dawa kwamba umeziacha kwa siku sita, wakupime, nao wakuambie uendelee vipi. Usijaribu kufidia siku zilizopita kwa kumeza vidonge vingi kwa mpigo mmoja. Presha ni ugonjwa wa kimya. Mtu huacha dawa, akaamka asubuhi akiwa mzima, akaamka kesho yake akiwa mzima, akauhesabu uzima huo kuwa ushuhuda, kumbe ndani damu inaisukuma mishipa kwa nguvu ileile ambayo pengine haikumpa dalili hata siku ile alipopimwa mara ya kwanza. Ukiona kichwa kinauma kupita kawaida, kifua kinabana, upande mmoja wa uso umelegea, mkono umekufa ganzi au ulimi unashindwa kutamka maneno, usingoje miadi ya kliniki. Upelekwe hospitali saa hiyohiyo. Jibu hili litakungoja.

Nilipolisoma swali lako mara ya kwanza nililiona kama ulivyoliandika, yaani agizo moja lenye sehemu nne. Nilipolirudia nikaona maagizo mawili yaliyotoka pande mbili. La kwanza lilikujia wewe, peke yako, katika maombi, na linarudi vilevile kila mara: mlipie mtoto karo. La pili, lenye akiba, dawa na siri, lililetwa na mtu mwingine, likashonewa kwenye la kwanza kana kwamba ni nguo moja. Ndiyo maana unaogopa pande zote mbili kwa wakati mmoja: ukilikataa la nabii unaona umelikataa na lile la kwanza, na ukilikubali la kwanza unaona huna budi kulipokea na la nabii. Mshono huo aliutia yeye. Wewe una haki ya kuufumua na kulipima kila agizo kwa mizani yake.

Ipo imani iliyozoeleka katika mikesha yetu hapa Nairobi, kwamba kadiri agizo linavyozidi kuwa la ajabu ndivyo linavyozidi kuwa la Mungu. Wengine, na huenda mume wako ni mmoja wao, hushika kinyume chake: jambo lisiloingia akilini haliwezi kutoka kwa Mungu. Maandiko hayawaungi mkono hawa wala wale. Mchukue Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme 5. Alifika kwa Elisha akiwa na farasi, magari, fedha na dhahabu, akitarajia nabii atoke nje, aliitie jina la Bwana na kuupunga mkono juu ya ukoma wake. Badala yake alitumiwa mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani, mto ambao yeye aliuona duni mbele ya mito ya kwao Dameski. Kilichomkasirisha ni kwamba agizo lilikuwa dogo mno kwa mtu wa hadhi yake, na ni watumishi wake walioliona hilo: wakamwambia kwamba kama angeamriwa jambo kubwa angelifanya bila kusita. Nimewaona watu wengi wa aina hiyo. Yuko tayari kufunga siku 21, lakini kumpigia simu ndugu yake waliyekosana anaona ni mzigo usiobebeka.

Kisa hicho kina mwisho ambao wahubiri wengi huuruka. Naamani aliporudi akiwa ametakasika, alimsihi Elisha apokee zawadi, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia jemadari njiani na kutunga uongo kuhusu wageni waliofika, akaomba talanta moja ya fedha na mavazi, akapewa talanta mbili. Elisha alipomuuliza alikotoka, alikana. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Weka kisa hiki karibu. Tutakihitaji tukifika kwa nabii wako.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao nimewafundisha wanafunzi wangu wa Agano la Kale kwa miaka mingi, ni wa Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi, naye anaambiwa kwamba Hanameli, mwana wa ami yake, atakuja kumuuzia shamba la Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yake. Kununua shamba lililo karibu kumezwa na jeshi la adui! Hata madalali wetu wa ploti za Kitengela hawajathubutu kufika hapo. Basi tazama jinsi agizo hili la ajabu lilivyotekelezwa. Yeremia hakukimbilia kutoa pesa mara tu neno lilipomjia. Alisubiri, na Hanameli alipofika kweli na kusema maneno yaleyale, ndipo Yeremia akajua, kama anavyokiri mwenyewe, kwamba lile lilikuwa neno la Bwana. Kumbe hata nabii, mtu aliyezoea kusema kwa niaba ya Mungu, alihitaji jambo lithibitike nje ya kichwa chake. Kisha akapima shekeli 17 za fedha katika mizani mbele ya mashahidi, akatia sahihi hati, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikabaki wazi, na Baruku, mwandishi wake, akaambiwa azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Baada ya hayo yote ndipo akaomba, na ombi lake limejaa mshangao: mji unatiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao watu wa Babeli, nawe umeniambia ninunue shamba?

Ninakaa juu ya kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili ambayo kwetu hutenganishwa. Agizo lilikuwa la kushangaza kabisa, na bado liliweza kuvumilia kuthibitishwa, kushuhudiwa, kuandikwa na hata kulalamikiwa mbele za Mungu. Yeremia hakuambiwa afiche. Wala hakuambiwa kwamba akiuliza atalaaniwa.

Hapo ndipo ilipo hofu yako kubwa, nadhani: kwamba kule kuuliza tu ni kuasi. "Nitajuaje?" ni maneno ya Zakaria alipoambiwa na malaika kwamba atapata mwana uzeeni, na sitakuficha kwamba yeye aliadhibiwa kwa kufanywa bubu hadi siku ya kumpa mtoto jina. Lakini mtoto alizaliwa vilevile. Ahadi haikufutwa kwa sababu ya shaka ya mzee huyo. Ibrahimu naye aliuliza karibu vivyo hivyo katika Mwanzo 15, nipate kujuaje kwamba nitairithi nchi hii, akajibiwa kwa agano. Gideoni aliomba ishara ya ngozi mara mbili, mara ya pili kinyume cha ya kwanza, na hatusomi kwamba alikemewa. Mariamu aliuliza litakuwaje jambo hili, akaelezwa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasiutweze unabii, na papo hapo akaongeza: "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kulijaribu neno ni sehemu ya kulitii.

Sasa, je, neno hilo linalokujia hutokeaje? Watu wakiniambia "Mungu amesema nami", nikiwauliza kwa upole, wengi wao hawakusikia sauti kwa masikio. Walipata wazo lenye uzito, wazo lisilofanana na mawazo mengine, lililorudi bila kuitwa. Mungu aweza kusema hivyo. Ila wazo lenye uzito laweza pia kutoka kwenye dhamiri, kwenye hatia ya zamani, kwenye hofu, kwenye tamaa iliyovaa kanzu, au kwenye mwili uliochoka kwa njaa na kukosa usingizi, maana mfungo na kesha huulainisha moyo lakini pia huudhoofisha uangalifu wa akili. Samweli kijana aliitwa mara tatu akamkimbilia Eli kila mara, kwa kuwa hakuitambua sauti. Alihitaji mzee amwambie namna ya kuitikia. Mzee huyo, kumbuka, hakujiongezea lolote. Alimwambia tu arudi akalale, na akiitwa tena aseme, "Nena, Bwana."

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Nilipokuwa kijana, mwalimu katika shule moja ya upili, niliacha kazi katikati ya muhula kwa sababu "Mungu aliniambia niondoke". Ilinichukua miaka kukiri kwamba wiki hiyo nilikuwa nimegombana na mwalimu mkuu, na kwamba sauti niliyoisikia ilifanana sana na yangu. Dalili ilikuwepo wakati ule ule kama ningetaka kuiona: agizo lilinipa nilichokitaka, lilinisifu, na lilinitaka nifanye haraka kabla sijazungumza na mtu yeyote. Wanafunzi wa kidato cha nne ndio walioumia.

Lako halifanani na langu. Neno linalokujia linakwenda kinyume na uchungu wako. Linakugharimu wewe, linamfaidi msichana asiye na uwezo wa kukulipa, na halimwongezei heshima wala shilingi yeyote anayekuhimiza ulifanye. Limedumu tangu Januari bila kubadilika. Zaidi ya yote linafanana na mambo ambayo tayari yameandikwa, kwa mfano katika Warumi 12, kwamba adui yako akiwa na njaa umlishe. Siwezi kukuapia kwamba ni Mungu aliyesema. Hakuna mchungaji mwaminifu awezaye kuapa hivyo kuhusu moyo wa mtu mwingine. Lakini sioni sababu ya kuliogopa. Kama wewe na mimi tumekosea, na lilikuwa dhamiri yako tu ikizungumza, hasara yake ni kwamba mtoto mmoja amesoma.

Umeambiwa pengine, au utaambiwa, kwamba Ibrahimu hakuuliza alipoagizwa amtoe Isaka. Jibu langu ni hili. Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa yeye akiwa na miaka 100; agizo la mlimani lilimjia mtu aliyekuwa ameijua sauti hiyo kwa zaidi ya robo karne. Na lilipofika ukingoni, Mungu ndiye aliyeuzuia mkono. Kisa kile ambacho watu hukitumia kuhalalisha hatari kinaishia kwa kondoo dume aliyenaswa kichakani na kijana aliyerudi nyumbani mzima. Baadaye, katika kitabu cha Yeremia, Mungu anasema kuhusu watu waliowateketeza watoto wao kwamba jambo hilo hakuliamuru wala halikuingia moyoni mwake.

Nakuja kwa nabii wako. Simfahamu, nami sitahukumu nia yake. Naweza tu kuyahukumu maneno yake, na hilo Paulo anatuagiza tulifanye anapowaandikia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Mtu anayekataza wengine wasipambanue amejitoa mwenyewe katika utaratibu huo. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa amepewa agizo lililo wazi: asile mkate wala asinywe maji Betheli, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamfuata, akamwambia, nami pia ni nabii kama wewe, na malaika ameniambia nikurudishe nyumbani kwangu ule. Alimdanganya. Yule mtu akaamini kwa sababu aliyesema alikuwa mzee na alikuwa na cheo, akala, na njiani akauawa na simba. Kisa hiki kigumu kimenifundisha kwamba neno la pili halihesabiwi kuwa kweli kwa sababu limeletwa na mkubwa.

Kuhusu akiba: kumbuka Elisha na Gehazi. Kutoa sadaka ni jambo jema, na wewe bila shaka hutoa. Ila pale anayetafsiri agizo anapokuwa ndiye atakayepokea pesa, agizo hilo limepoteza shahidi wake. Jua pia kwamba katika sacco nyingi huwezi kutoa akiba yote bila kujiondoa uanachama na kutoa notisi, na kama umewadhamini wenzako kwenye mikopo, akiba hiyo imefungwa hadi walipe. Kwa hiyo "panda mbegu" hapa maana yake ni kubomoa ulichokijenga kwa miaka, pamoja na uwezo wa kukopa siku watoto wako wenyewe watakapohitaji karo.

Kuhusu dawa: Isaya alimletea mfalme Hezekia ahadi ya uponyaji kutoka kwa Mungu, na Isaya huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimwita Luka tabibu mpendwa. Mungu akikuponya presha, kipimo cha kliniki kitaonyesha, na daktari ndiye atakayekupunguzia dawa. Tunaishi katika nchi iliyofukua zaidi ya miili 400, mingi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu mwaka 2023. Baada ya hayo, mtu yeyote anayemwambia mwenzake kwamba imani ni kuunyima mwili kitu kinachouweka hai anastahili kuulizwa maswali magumu sana.

Na kuhusu siri: Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini alikuwa anawakemea waliopiga baragumu njiani wakitoa sadaka. Hakuwafundisha wake kuwaficha waume wao pesa za nyumba. Petro alipoagizwa jambo la ajabu, kuingia katika nyumba ya Kornelio asiyetahiriwa, alichukua ndugu sita wafuatane naye.

Basi mwambie mume wako yote, pamoja na habari ya dawa, hata kama sehemu hiyo inakuaibisha. Sidhani kwamba anampinga Mungu. Nadhani anapinga shilingi 38,000 kutoka katika nyumba yenye watoto watatu kwenda kwa mtu aliyewaumiza, na hoja hiyo ina uzito. Mnaweza kulipa sehemu sasa na kuahidi iliyobaki kwa mafungu, maana shule nyingi hukubali mpango wa namna hiyo zikiona nia. Msikope kwenye simu ili kutii. Mungu hahitaji riba. Mume wako akikataa kabisa, singekushauri ulipe kisirisiri. Endelea kuomba, endelea kuzungumza naye, na kama una pesa zako za zamu ya chama, muulize kama hizo mnaweza kuzitumia. Kuchelewa kwa sababu unatafuta amani ya nyumba yako hakuitwi uasi.

Jambo la shamba liweke kando ya hili. Kumsamehe kaka yako hakukuwajibishi kutia sahihi karatasi yoyote. Sheria ya Urithi, Sura 160, haimbagui binti katika mirathi ya baba aliyefariki bila wosia, na ardhi ya marehemu haifai kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Ukitaka kulifuatilia, muone wakili, na usiitumie karo ya msichana kama kifungo cha kumbana baba yake.

Usilibebe hili peke yako kwa kusoma maandishi yangu. Tafuta mchungaji au mama wa kanisa anayekujua kwa miaka, ambaye hatapata chochote kwa uamuzi wako, umweleze ana kwa ana. Kama umeanza kusikia sauti masikioni hata usipokuwa katika maombi, kama sauti hiyo inakuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, au kama umepitisha usiku kadhaa bila usingizi na huoni uchovu, muone daktari wa akili mara moja, katika hospitali ya Mathari au nyingine iliyo karibu. Kuomba na kutibiwa havigombani. Na nabii akianza kukutishia kwa laana au kwa simu za usiku, acha kuhudhuria kesha hilo na umwambie mume wako. Vitisho vikiendelea, nendeni pamoja kituo cha polisi.

Mkishakubaliana nyumbani, msimtumie kaka yako pesa kwenye simu yake. Pigeni simu ofisi ya mhasibu wa shule, muulize nambari ya akaunti ya shule na nambari ya usajili ya msichana, mlipe huko moja kwa moja. Risiti iandikwe kwa jina lake yeye, nakala moja apewe na nyingine ibaki kwenu, kama zile hati mbili za Yeremia.